Mchungaji Asiyekimbia: Maisha ya Askofu Mkuu Munzihirwa

Mwaka 1926, katika nchi ya Burhale, Kivu ya Kusini, alizaliwa mtoto jina lake Munzihirwa. Katika ubatizo aliitwa Christophe, maana yake mchukuzi wa Kristu. Mzigo huo mtakatifu aliuchukua hata siku ya kufa kwake.

Alipewa daraja ya upadri mwaka 1958. Mwaka 1963 akaingia Shirika la Yezu, kisha akaenda Ubelgiji kujifunza mambo ya uchumi na maisha ya jamii. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwatia jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa, iwe adhabu yao. Padri Munzihirwa hakuwa mtoto wa shule tena. Hata hivyo aliomba aandikwe pamoja nao, apate kuonja taabu yao. Hivyo alivaa nguo za askari, si kwa kupenda vita, bali kwa kuwapenda vijana.

Mwaka 1986 alipewa uaskofu huko Kasongo. Baadaye akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Siku hizo zilikuwa za machozi. Mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, Watutsi kwa mamia ya maelfu waliuawa. Vita vilipogeuka, Wahutu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka wakaingia Kivu. Kati yao walikuwamo wauaji wenye silaha. Walikuwamo pia wajane, wazee na watoto wachanga wasio na kosa.

Askofu aliona hatari mbili. Ya kwanza, wenye hatia wajifiche nyuma ya wanyonge. Ya pili, wanyonge waadhibiwe kwa hatia ya wengine. Aliwatetea wakimbizi kwa sauti kuu, akaomba warudishwe kwao kwa amani na haki. Aliwakemea askari wa Zaire walionyang'anya mali ya raia, akawalaumu watawala wa Rwanda, akawaandikia wakubwa wa mataifa ya mbali, hata wa Marekani, wasifumbe macho. Kwa sababu hiyo wengine walimchukia, wakadai kwamba amechagua upande mmoja. Naye aliendelea kusema, kwa kuwa anayenyamaza mbele ya udhalimu humsaidia mdhalimu.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliufikia mji wa Bukavu. Wakubwa wa serikali na askari wengi walikimbia. Askofu angaliweza kukimbia pia, lakini alibaki. Hakuwa na jeshi wala bunduki. Alikuwa na neno tu, na kwa neno hilo aliwasihi watu watulie, wasaidiane, wasilipize kisasi.

Tarehe 29 Oktoba, jioni, gari lake lilisimamishwa na askari wa upande wa Rwanda penye njia panda ya Nyawera. Husimuliwa kwamba alishuka akishika msalaba wake mkononi. Wakampiga risasi, akafa. Baadhi ya waliofuatana naye waliuawa pia. Maiti yake ililala njiani usiku ule, kwa maana hakuna aliyethubutu kuikaribia. Baadaye alizikwa penye Kanisa Kuu la Bukavu, na hata leo waamini hufika kaburini kusali.

Tujifunze nini basi? Mkristu huwatii watawala katika mambo ya haki. Lakini dini si ngao ya chama, wala msalaba si bendera ya vita. Mtawala huuliza: Huyu ni wa kabila gani? Yezu huuliza: Huyu ana njaa? Ni mgeni? Anaumwa?

Ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo, nanyi mtakuwa wachukuzi wa Kristu. Siku jirani wa kabila lingine atakapobisha hodi usiku akifukuzwa, ndipo itakapojulikana kama maji yale yaligusa paji la uso tu, au yalifika moyoni.