Archibald McIndoe: Mpasuaji aliyewarejeshea marubani nyuso na heshima

JINA la Amref si geni masikioni mwa wakazi wa Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi ndege za madaktari wake zimekuwa zikipaa kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kuelekea maeneo ya mbali yasiyokuwa na hospitali. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba mmoja wa waasisi watatu wa shirika hilo alikuwa mpasuaji aliyejipatia sifa zake mbali na eneo hili, katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa Uingereza, alikowatengenezea nyuso mpya vijana walioungua vitani.

Huyo ni Sir Archibald McIndoe. Alizaliwa Mei 4, 1900 mjini Dunedin, New Zealand. Baba yake, John, alikuwa mpiga chapa, naye mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji. Pengine ni kwa mama huyo alikorithi jicho la kupima umbo na mikono iliyotulia.

Baada ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, alipata mnamo 1924 ufadhili wa kwenda kujiendeleza katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani. Ufadhili huo ulikusudiwa mtu asiye na mke, ilhali McIndoe alikuwa ametoka tu kufunga ndoa na Adonia Aitken. Aliificha ndoa hiyo, akasafiri peke yake, na mkewe akamfuata mwaka mmoja baadaye. Huko Marekani alijijengea jina kwa uchunguzi wa maradhi ya ini, wala hakuna aliyedhani kwamba siku moja angejulikana kwa kazi ya ngozi.

Mnamo 1930 alihamia London akitarajia kupata kazi nzuri. Matarajio hayo yaliambulia patupu. Aliyemnusuru ni jamaa yake, Sir Harold Gillies, naye mzaliwa wa Dunedin, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Uingereza. Gillies alimpokea, akamwingiza katika kazi yake, na McIndoe akaanza upya kama mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 30.

Ngozi yenye shina

Ili kuelewa alichojifunza McIndoe, sharti kufahamu tatizo lililowakabili wapasuaji tangu zamani. Ngozi inaweza kukatwa kabisa kutoka sehemu moja ya mwili, ikiwa nyembamba kama karatasi, na kupandikizwa kwenye kidonda. Ngozi ya aina hiyo haina damu yake yenyewe. Huishi tu iwapo kidonda inapolazwa kina uwezo wa kuilisha. Penye mfupa ulio wazi, au panapohitajika kujengwa kitu chenye unene kama vile pua, haifai.

Njia ya pili ni kuinua kipande cha ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, lakini bila kukikata pande zote. Upande mmoja huachwa umeshikamana na mwili, nao huwa kama shina linalopitisha damu. Kipande hicho hugeuzwa na kushonwa mahali penye pengo. Shina hukatwa tu baada ya kipande kuota mishipa mipya ya damu mahali pake papya. Wahindi walijenga pua kwa ngozi ya paji la uso karne nyingi zilizopita, naye Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, Italia, alichapisha kitabu mnamo 1597 kuhusu kujenga pua kwa ngozi ya mkono.

Kasoro ilikuwa moja. Ngozi iliyoinuliwa iliacha nyama wazi upande wa chini, ikashambuliwa na viini na mara nyingi ikaoza. Mwaka 1917, alipokuwa akimtibu baharia aliyeungua katika vita vya majini, Gillies aligundua kwamba kingo za kipande alichokiinua zilikuwa zikijikunja zenyewe kuelekea ndani. Akazishona pamoja, kipande kikawa kama bomba. Nyama ikafunikwa, damu ikaendelea kupita, na hatari ya kuoza ikapungua sana. Mpasuaji Vladimir Filatov wa Odessa alikuwa amefikia wazo hilo hilo kivyake, pasipo Gillies kujua.

Bomba hilo la ngozi lilikuwa na faida nyingine: liliweza kusafirishwa. Lingeweza kuinuliwa tumboni, likaachwa kwa wiki kadhaa, kisha ncha moja ikahamishiwa mkononi. Lilipokwisha kushika mkononi, ncha iliyobaki tumboni ilikatwa, na mkono ukafungwa karibu na uso hadi ngozi ishike huko. Ndipo bomba lilipokatwa mkononi, likafunguliwa na kutandazwa. Kila hatua ilidai wiki kadhaa za subira, na uso mmoja ungeweza kuhitaji upasuaji wa mara nyingi kwa miaka kadhaa.

Wodi Nambari Tatu

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu waliobobea katika fani hiyo: Gillies, McIndoe, Rainsford Mowlem na Thomas Kilner. McIndoe, ambaye alikuwa mshauri wa Jeshi la Wanahewa tangu 1938, alipelekwa katika Hospitali ya Queen Victoria, East Grinstead. Alikataa kuvaa magwanda ya kijeshi. Alitaka kubaki raia ili aweze kubishana na wakubwa wa jeshi bila kuogopa cheo cha mtu.

Mwaka uliofuata, vita vya angani vilipopamba moto, walianza kuletwa marubani ambao nyuso na mikono yao ilikuwa imeteketea. Katika ndege za kivita aina ya Hurricane, tangi la mafuta lilikuwa mbele ya rubani. Liliposhika moto, miali ilimfikia kabla hajafaulu kuruka. Wengi wa majeruhi hao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na baadhi yao walipoteza kope, pua, midomo na vidole.

Tiba ya majeraha ya moto wakati huo ilikuwa kupaka asidi ya taniki, dawa iliyokausha kidonda na kukifanya kiwe na gamba gumu. McIndoe aliona kwamba gamba hilo lilikaza vidole vikajikunja kama kucha za ndege, na lilizuia kope kufunga, jambo lililoyahatarisha macho. Aligundua pia kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Akapiga marufuku asidi hiyo katika wodi yake, na badala yake akawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Alishinikiza hadi dawa hiyo ikaachwa kutumiwa kwa majeraha ya uso na mikono.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kujenga ilipoanza. Kope zilitangulia, kwa ngozi nyembamba iliyopandikizwa, ili kuyaokoa macho. Pua zilifuata, nyingi zikijengwa kwa bomba la Gillies. Katika Wodi Nambari Tatu lilikuwa jambo la kawaida kumwona kijana akitembea huku bomba la ngozi likining'inia kutoka begani hadi puani mfano wa mkonga wa tembo. Daktari wa nusukaputi, John Hunter, na muuguzi wa chumba cha upasuaji, Jill Mullins, walikuwa naye bega kwa bega.

Mji uliojifunza kutazama

Hata hivyo, kilichomtofautisha McIndoe na wapasuaji wengine wa enzi yake hakikuwa kisu. Alitambua mapema kwamba mgonjwa aliyefichwa chumbani kwa miaka mitatu, akisubiri ngozi ishike, angeweza kutoka na pua mpya lakini akiwa amekwisha kuvunjika moyo. Akaacha pipa la bia wodini. Akawaweka maafisa na askari wa vyeo vya chini katika wodi moja. Akapinga sare za wagonjwa, akawaruhusu wavae magwanda yao ya jeshi au nguo za kiraia.

Kisha akawaendea wenyeji wa East Grinstead. Aliwaomba wawaalike vijana hao majumbani mwao, wanywe nao mikahawani, wacheze nao dansi, na wawatazame usoni bila kugeuza macho. Wenyeji waliitikia. Kijana aliyekuwa na uso nusu angetoka hospitalini akaenda sinema, na hakuna mtoto aliyemkimbia.

Mnamo Julai 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, Guinea Pig Club, kwa jina la mnyama mdogo anayetumiwa katika majaribio ya maabara. Mweka hazina alichaguliwa kwa sababu miguu yake ilikuwa imeungua, asiweze kutoroka na fedha. Katibu alichaguliwa kwa sababu vidole vyake havikuweza kuandika kumbukumbu ndefu. Kufikia mwisho wa vita chama kilikuwa na wanachama 649, na mikutano yao ya kila mwaka iliendelea hadi 2007.

McIndoe hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kiburi cha kazi, na hakuvumilia uzembe. Wauguzi walitarajiwa kuwachangamsha wagonjwa na kustahimili utani na hata usumbufu wao, mzigo ambao leo hakuna hospitali ingethubutu kuwatwika. Ndoa yake na Adonia ilivunjika mnamo 1953, akaoa tena mwaka uliofuata.

Miteremko ya Kilimanjaro

Baada ya kutunukiwa hadhi ya Sir mnamo 1947, McIndoe aliupenda ukanda wa Afrika Mashariki na kupata shamba katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Tanganyika. Ni huko alikokutana mara kwa mara na wapasuaji wawili waliokuwa wamepitia mikononi mwake East Grinstead: Michael Wood, Mwingereza aliyehamia Kenya, na Thomas Rees wa Marekani.

Watatu hao walikuwa wameona jinsi mtu aliyeungua, au mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, alivyoweza kuishi maisha yake yote bila kumwona mpasuaji, kwa kuwa hospitali ilikuwa mwendo wa siku kadhaa. Wagonjwa hawakuweza kuwafikia madaktari, basi madaktari wangewafuata kwa ndege. Mwaka 1957 waliasisi huduma ya madaktari warukao, ambayo ndiyo iliyokua na kuwa Amref.

McIndoe hakuishi kuona mti huo ukizaa. Alifariki usingizini jijini London Aprili 11, 1960 kutokana na mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, kanisa la Jeshi la Wanahewa, heshima ambayo raia kama yeye hawapewi. Wood ndiye aliyeiendeleza kazi ya Afrika Mashariki.

Bomba la ngozi nalo limestaafu kwa sehemu kubwa. Tangu miaka ya 1970 wapasuaji wanaweza kukata kipande cha ngozi pamoja na mishipa yake na kuiunga mishipa hiyo moja kwa moja kwingineko kwa msaada wa hadubini, hivyo kazi iliyochukua miezi hufanywa kwa siku moja.

Lililobaki ni funzo la Wodi Nambari Tatu. Ngozi iliyohamishwa huishi maadamu shina lake halijakatwa kabla ya wakati, na binadamu aliyeumizwa naye ni vivyo hivyo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtu ni watu. Katika jamii ambamo walioungua kwa mafuta ya taa, kwa ajali za barabarani au kwa kumwagiwa tindikali bado hufichwa nyumbani, kisu cha mpasuaji hakitatosha pasipo jirani aliye radhi kuwatazama usoni.