Shaaban Robert na Muuza Vyungu

Haipiti miaka mingi kabla mtu kuandika juu ya Shaaban Robert katika jarida hili la chama chetu. Basi niwie radhi, mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Lakini sitaki kuvihesabu vitabu vyake kimoja kimoja, maana orodha hiyo mwalimu wetu ameshatuandikia ubaoni tukanakili mpaka mikono ikauma. Nataka niseme juu ya watu aliotuonyesha, na hasa mmoja.

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, wakati Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Alisoma katika shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, tangu mwaka 1922 hadi 1926, na katika mtihani wa mwisho akawa wa pili. Masomo ya darasani yakaishia hapo. Sisi tukisikia mtu ni gwiji wa lugha tunadhani alikuwa profesa wa chuo kikuu, kumbe wapi! Alikuwa karani. Alifanya kazi ya forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, pamoja na huko Pangani, kisha akahamishiwa idara ya mifugo Mpwapwa, na baadaye akarudi Tanga katika ofisi za serikali. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtumishi wa watu wengine, tena watu wenyewe ni wakoloni.

Alikuwa mtu asiyeweza kuona jambo jema akanyamaza nalo. Ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, alimwandikia barua kwa miaka mingi, na barua hizo za tangu 1931 hadi 1958 zilikuja kuchapishwa kitabu mwaka 2002. Mkewe Amina alipofariki alimlilia kwa shairi, na watoto wao akawatungia tenzi mbili za kuwaonyesha njia: Hati kwa binti, Adili kwa mvulana. Mimi baba yangu aliniachia baiskeli tu, lakini hayo tuyaache.

Hakutuonyesha watu wa kwetu peke yao. Alimkuta Omar Khayyam, mshairi na mnajimu wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka mia nane kabla yake. Alimsoma kwa Kiingereza, akaona haifai Waswahili wamkose, akamtafsiri kwa mashairi. Ajabu ni kwamba Khayyam husifu mvinyo mara kwa mara, na Shaaban Robert alikuwa Mwislamu. Hakuona haya kumleta. Nadhani alijua msomaji ana akili ya kuchagua mwenyewe.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na wengi wenu mnakijua. Ni kizuri, ila kwa maoni yangu Karama anasema sana pale mahakamani.

Sasa nifike kwa huyo mmoja. Siku moja nilipata maktabani kitabu chembamba ambacho jalada lake limeng'oka. Kilikuwa Wasifu wa Siti binti Saad, kilichochapishwa kwanza mwaka 1958. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa kifupi na nilikuwa na ripoti ya kusoma. Huo ndio ukweli.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, na yeye mwenyewe jina la kwanza aliloitwa ni Mtumwa. Kazi aliyojifunza kwao ilikuwa kufinyanga vyungu. Alikuwa akivitia kichwani, anakwenda navyo mjini kwa miguu, akiviuza kwa kupaza sauti ili watu watoke majumbani. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumtoa kwenye vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa muziki, akaimba taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Wapo waliomcheka kwamba hana sura wala ukoo. Aliwajibu kwa wimbo, na wimbo ukaenea kuliko matusi yao. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, wakarekodi santuri, nazo zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Shaaban Robert aliwahi kukutana naye kabla hajafariki. Hebu fikiria: alikuwa mwandishi ambaye tayari ana jina, na angeweza kuchagua gavana au sultani amwandikie maisha yake, labda na zawadi angepata. Akachagua mwanamke mfinyanzi. Kweli, mahali pengine anamsifu mno hata unatamani ataje kosa lake moja dogo. Lakini mimi namsamehe, kwa sababu ambayo sijapata kumwambia mtu hapa shuleni.

Mama yangu huuza vyungu na mitungi sokoni. Nyanya ndiye hufinyanga. Kila Jumamosi mimi humsaidia kubeba, kisha nikiwaona wanafunzi wenzangu wanakuja huwa nageuka nikatazama kwingine, kama mtu aliyesimama hapo kungoja matatu. Nimefanya hivyo tangu kidato cha kwanza. Mama hajasema neno, lakini si kipofu.

Shaaban Robert aliaga dunia mwezi wa Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, nusu mwaka tu baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa. Vitabu vyake kadhaa, kama vile Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, vilichapishwa yeye akiwa kaburini. Siti alikuwa ametangulia miaka kumi na miwili, na laiti si kile kitabu chembamba, mimi wa bara huku ningemjua wapi?

Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo kitabu nilikwenda nacho nyumbani. Usiku, baada ya kuosha vyombo, nikamsomea mama ile sehemu ya Fumba. Alisikiliza akiwa anafunga mitungi kwa majani makavu isije ikavunjika njiani. Nilipomaliza, hakuuliza juu ya Bombay wala santuri. Aliuliza kama vile vyungu vya Siti vilikuwa vya kupikia au vya kuwekea maji, na kama alikuwa akipata faida. Nikapekua kurasa mbele na nyuma nikitafuta jibu, mpaka akaniambia nizime taa, kesho ni Jumamosi.