Habari za Hamida Banu, Mpiga Mieleka wa Bara Hindi

Kila mtoto wa Chome ajua mieleka ni nini. Wavulana wakienda kukata majani ya ng'ombe hutua mizigo njiani, wakashikana viuno, na yule aangushwaye huchekwa mpaka nyumbani. Wasichana husimama kando wakitazama tu. Huko Bara Hindi nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, maana mieleka ya kule ilikuwa kazi ya wanaume, yenye waalimu wake na miiko yake. Mahali pa kupigania huitwa akhara, nacho ni kiwanja cha udongo uliochimbuliwa na kutiwa mafuta hata ukawa laini. Mtu hushindwa mabega yake yote mawili yakigusa udongo ule. Bingwa huitwa Pahalwan. Kati ya mabingwa hao ndipo alipotokea mwanamke, jina lake Hamida Banu.

Kwao kulikuwa Mirzapur, kaskazini ya Bara Hindi. Alitoka huko akaenda mji wa Aligarh, akafundishwa na Salam Pahalwan, mtu mwenye sifa katika mchezo huo. Wanawake wa kupigana naye walikuwa haba sana, basi akapigana na wanaume. Hakuwa mrefu, kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 3. Lakini uzito wake ulikuwa kilo 108, yaani kama gunia la mahindi lililojaa, na nusu debe juu yake. Magazeti ya siku zile yalipenda kuandika habari za chakula chake cha kila siku: maziwa zaidi ya lita 5, supu karibu lita 3, kuku mzima, nyama karibu kilo moja, mayai 6, siagi nusu kilo, lozi, mikate miwili mikubwa na sahani mbili za biriani. Mimi naona yafaa kuyasoma maneno hayo kwa kutabasamu kidogo, kwa kuwa mwenye gazeti hutaka kuuza gazeti lake. Lakini yaliandika pia kwamba alijizoeza saa 6 kila siku, na kulala saa 9, na hilo ndilo neno la kuangaliwa zaidi.

Mwaka 1944 watu wapatao 20,000 walikusanyika Bombay, mji uitwao Mumbai leo, wapate kumwona akipigana na Goonga Pahalwan. Mshindani huyo akaanza kudai mambo: aongezewe fedha, aongezewe na siku za kujiweka tayari. Mchezo ukavunjwa. Watu wakaghadhibika, wakaharibu vitu vya kiwanjani.

Hata aliposhinda hakupata raha. Huko Kolhapur alimwangusha mwanamume, Shobha Singh Punjabi, na watazamaji, badala ya kumshangilia, wakamzomea na kumtupia mawe, hata polisi wakaja kutuliza fujo. Katika mji wa Pune alitaka kupigana na Ramchandra Salunke, lakini wakubwa wa chama cha mieleka wakakataa. Hamida akapeleka mashtaka yake kwa Morarji Desai, aliyekuwa mkuu wa serikali ya jimbo la Bombay. Desai akajibu kwamba hakuzuiwa kwa sababu ya kuwa mwanamke, ila watu walinung'unika kwamba waandaaji wa michezo yake huleta washindani wa uongo. Neno hilo la uongo lilimfuata siku zote, nalo ni gumu kulijibu. Kwa maana akishindwa, watu husema mwanamke hana nguvu. Akishinda, husema mwanamume amejiangusha mwenyewe.

Mwezi wa Februari 1954 alitangaza jambo lililoshangaza nchi nzima: mwanamume ye yote atakayemshinda, atakubali kuolewa naye. Bila shaka tangazo hilo lilikuwa pia la kuvuta watu waje kutazama. Hata hivyo wanaume walijitokeza. Bingwa mmoja wa Patiala akashindwa, na mwingine wa Calcutta akashindwa. Mwezi wa Mei akafika Baroda, na picha zake zikatembezwa mjini juu ya magari, kama zitembezwavyo za sinema. Aliyewekwa kupigana naye kwanza ni Chhote Gama, bingwa aliyetunzwa na Maharaja wa Baroda. Saa ilipokaribia huyo akajitoa, akisema kwamba hapigani na mwanamke. Akaja Baba Pahalwan mahali pake. Muda wa dakika 1 na sekunde 34 ukatosha. Baba alikuwa chini, na mwamuzi akatangaza kwamba mchumba amekosa mke. Maji ya chai hayachemki kwa muda huo.

Mwaka ule ule, huko Bombay, alipigana na mwanamke wa Kirusi, Vera Chistilin, ambaye watu walimwita dubu jike wa Urusi. Dakika moja haikutimia, Vera akaanguka. Hapo Hamida akatangaza kwamba atakwenda Ulaya kupigana na mabingwa wa huko.

Baada ya hayo jina lake likatoweka magazetini. Mmoja wa jamaa zake alisimulia kwamba Salam, mwalimu wake, hakuipenda safari ile ya Ulaya, akampiga kwa fimbo hata akamvunja mikono, na kwamba kwa miaka mingi hakuweza kutembea vema bila mkongojo.

Alikaa Kalyan, karibu na Bombay. Aliuza maziwa, akapangisha majumba. Fedha zilipopunguka akapika vitafunio nyumbani na kuviuza kando ya barabara. Wengi waliosimama kununua hawakujua kwamba mikono ile iliyowapimia chakula ndiyo iliyomwangusha Baba Pahalwan. Alikufa mwaka 1986, miaka 18 kabla ya wanawake kuruhusiwa kupiga mieleka katika michezo ya Olimpiki.