Mohamed Amin

Mohamed Amin (Nairobi, 29 Agosti 1943 – karibu na Ngazija, Komori, 23 Novemba 1996) alikuwa mpiga picha na mwandishi wa habari kutoka nchini Kenya. Wenzake walimwita kwa kifupi "Mo". Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga picha za mapinduzi, vita na njaa katika Afrika na Asia. Anajulikana hasa kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, ambazo ziliamsha misaada mikubwa kutoka pande zote za dunia.

Maisha ya awali

Amin alizaliwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wakati Kenya ilipokuwa koloni la Uingereza. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na baba yake alifanya kazi katika reli. Kazi hiyo ilisababisha familia kuhamia Dar es Salaam, Tanganyika, na huko ndiko Amin alikosoma na kukulia.

Akiwa bado mwanafunzi alinunua kamera ndogo iliyotumika na kujifunza kusafisha picha mwenyewe. Muda si mrefu alianza kuuza picha zake kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam.

Zanzibar

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Amin alikuwa kati ya wapiga picha waliofaulu kufika kisiwani mapema, na picha zake zilinunuliwa na vyombo vya habari vya nje. Aliendelea kufuatilia mambo ya visiwani katika miaka iliyofuata, hata shughuli za kijeshi ambazo serikali haikutaka zionekane.

Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kuwekwa gerezani kwa karibu mwezi mmoja bila kufikishwa mahakamani. Alipoachiliwa ilimbidi aondoke Tanzania. Alirudi Nairobi, mji alikozaliwa, akaanza upya na kampuni yake.

Kazi yake nchini Kenya na Uganda

Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi. Amin alifika muda mfupi baadaye na kuingia na kamera katika gari la wagonjwa lililombeba Mboya. Filamu hiyo ilionyeshwa katika nchi nyingi na kumpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza.

Kuanzia mwaka 1971 alipiga picha nyingi za utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Hawakuwa ndugu, ingawa majina yao yanafanana.

Njaa ya Ethiopia

Katika miaka ya 1980 mikoa ya kaskazini mwa Ethiopia ilikumbwa na ukame. Wakati huohuo serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea. Vita vilizuia chakula kufika kwa wenye njaa, na serikali haikupenda waandishi wa habari waende huko.

Mnamo Oktoba 1984 Amin alipata ruhusa ya kuingia, akafuatana na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Walifika Korem na Mekelle, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakingoja chakula na wengi walikufa kila siku. Amin alizipiga picha hizo karibu sana na watu wenyewe, kiasi kwamba mtazamaji aliona nyuso za watu na si umati tu.

Taarifa yao ilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Baada ya hapo ilirushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, na pamoja na Midge Ure alikusanya wasanii wa Uingereza kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha kwa jina la Band Aid. Wasanii wa Marekani walifanya vilevile mwaka 1985, na tarehe 13 Julai 1985 matamasha ya Live Aid yalifanyika London na Philadelphia kwa siku moja.

Picha hizo zimejadiliwa pia kwa njia nyingine. Wapo waliosema kwamba ziliwafanya watu wa nje waione Afrika kama bara la njaa tu, na kwamba habari za ukame zilifunika habari za vita vilivyoongeza maafa. Amin mwenyewe alitoa vitabu vingi kuhusu nchi za Afrika, watu wake na mandhari yake, kikiwemo kimoja kuhusu Tanzania. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha picha kuhusu hija ya Makka.

Kupoteza mkono

Mwishoni mwa Mei 1991 waasi waliingia Addis Ababa na utawala wa Mengistu ukaanguka. Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin na wenzake walikwenda kupiga picha, na mlipuko mwingine ukawakuta. Fundi wa sauti John Mathai, Mkenya, aliuawa. Amin alipoteza mkono wake wa kushoto.

Alitengenezewa mkono wa bandia nchini Marekani, akajifunza upya kushika kamera, na baada ya miezi michache alirudi kazini.

Kifo

Tarehe 23 Novemba 1996 Amin alikuwa akirudi Nairobi kutoka Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopian Airlines, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Vijana watatu waliiteka ndege hiyo na kudai ipelekwe Australia, ingawa rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Kwa maelezo ya walionusurika, Amin alisimama na kujaribu kuzungumza na watekaji.

Mafuta yaliisha na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, wakiwemo Amin na Tetley. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Urithi

Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza Camerapix mjini Nairobi, ambako picha na filamu za baba yake zimehifadhiwa. Pia alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, "Mo & Me". Baada ya kifo cha Amin ilianzishwa taasisi yenye jina lake iliyofundisha vijana wa Kiafrika kazi ya televisheni, ili habari za bara lao zisimuliwe na wenyeji.