Syokimau: Mama wa Machakos Aliyeiona Treni Kabla ya Reli

Ukishuka steji ya Syokimau jioni ukiwa umechoka na jobu, ni rahisi kudhani hilo jina ni la estate tu. Zii. Ni la mwanamke Mkamba wa karne ya 19, ambaye masimulizi mengi yanamweka pande za vilima vya Iveti, Machakos. Na alijulikana kwa kitu moja: kuona mambo kabla yafike.

Sai mbogi imeshikwa na hii stori ya kuota ukijua unaota. Mtu analala na daftari kando ya kitanda, anaangalia mikono yake mara kumi kwa siku, akifunga macho anajiambia usiku huu nitajua niko ndotoni. Shosho naye ana zake: Biblia chini ya mto, na usipige mluzi usiku. Tunacheka za shosho lakini za vidio tunaamini. Ukweli ni kwamba ile nia unayolala nayo ina kazi. Mwaka 1981, Stephen LaBerge na wenzake wa Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wa watu waliopiga ishara kwa macho wakiwa usingizini kabisa, na LaBerge mwenyewe alijifunza kuita hizo ndoto kwa kujikumbusha kabla ya kulala.

Ukambani walikuwa na njia yao. Mundu mue, yule mwenye kuona na kuponya, alikuwa na kibuyu cha mbegu, na upinde ambao uzi wake hupigwa taratibu kama gitaa hadi akili itulie. Kulikuwa na sadaka ithembo, pale mahali patakatifu pa kuwapa aimu, roho za wahenga, chao. Kulikuwa na ngoma ya kilumi, ambayo roho zilishukia wanawake. Syokimau alitoka ndani ya hayo yote.

Tofauti ni hii: wewe unataka kuingia ndotoni upae juu ya KICC. Yeye alikuwa anangoja kuambiwa. Inasimuliwa kwamba akiona Wamaasai wanakuja kuchukua ng'ombe, vijana walionywa wajipange mapema. Hebu fikiria hiyo presha. Wewe ukiota vibaya unachelewa jobu. Yeye akikosea, boma linabaki bila mifugo, na kuna mtu anazikwa.

Halafu likaja lile kubwa. Aliona nyoka mrefu akitoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, na watu wa ngozi ya ajabu, wanaongea kama ndege na kubeba moto mfukoni. Ni treni, wazungu na kiberiti.

Kuna wasee watasema hiyo ilitungwa baadaye. Mimi naona hivi: Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Pwani miaka mingi kabla, na mmishonari Krapf alifika Ukambani 1849. Habari za meli na bunduki zilirudi na misafara. Ndoto hupika na viungo vilivyo jikoni. Hiyo haimpunguzii chochote. Wengi walisikia hizo habari, lakini jina lililobaki ni la huyu mama.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Machakos, iliyokuwa kituo cha Waingereza kabla Nairobi iwe mji, ilirukwa. Ofisi zikahamia Nairobi, na hapo katikati mashamba ya Wakamba yakaanza kumegwa. Kuona mapema hakukuzuia kitu.

Novemba 2012 stesheni ya Syokimau ikafunguliwa, na 2017 SGR ikaweka kituo chake cha Nairobi hapo hapo. Machakos tao yenyewe hadi leo haina treni. Ukitaka kwenda kwa kina Syokimau, panda mat.