Charnley, tabibu wa nyonga zilizochakaa

MKAZI wa Kangemi ambaye nyonga yake imechakaa, na dawa, mazoezi na mkongojo vimeshindwa, anaweza kubadilishiwa kiungo katika Hospitali ya PCEA Kikuyu. Upasuaji huo una deni kwa Mwingereza John Charnley, aliyezaliwa Bury mwaka wa 1911.

Katika hospitali ya Wrightington, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwawekea wagonjwa vikombe vya Teflon. Vikalika upesi, ikambidi awapasue upya. Alijipandikiza Teflon hiyo pajani mwake, pakavimba.

Mwaka wa 1962 Harry Craven, fundi wake, aliijaribu plastiki nyingine ambayo Charnley, kwa kiburi cha wataalamu, alikuwa ameidharau. Ikastahimili. Ilianza kutumika Novemba mwaka huohuo. Charnley alifariki mwaka wa 1982.