Marian Anderson, Mwimbaji Aliyefungiwa Mlango

Katika parokia za Kolwezi na za miji mingine ya machimbo ya shaba, Dominika haipiti bila kwaya. Mwenye sauti njema hupendwa na wote, na jina lake hutajwa hata sokoni. Lakini sauti ni pumzi tu: mwenyewe akifa, nayo hupita pamoja naye. Kwa hiyo yafaa waimbaji wetu wajue habari za Marian Anderson, mwanamke mweusi wa Marekani, ambaye sauti yake ilisikiwa katika nchi nyingi za dunia, na ambaye karatasi zake zimetunzwa mpaka leo.

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1897 katika mji wa Philadelphia, akiwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Babu yake mzaa baba alikuwa amepata kuwa mtumwa. Baba yake, John, aliuza makaa ya mawe na barafu. Mama yake, Anna, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Walikuwa watu maskini, wenye kumcha Mungu. Marian alipokuwa na umri wa miaka sita aliingia katika kwaya ya watoto ya kanisa lao la Wabatisti. Hakujifunza sehemu yake tu. Alijifunza sauti zote, ya juu na ya chini, hata akaweza kushika nafasi ya mwimbaji yeyote asiyefika.

Mwaka 1910 baba alifariki kwa jeraha alilolipata kazini. Mama akabaki na watoto watatu, akaanza kufua nguo za watu na kusafisha majumba ili wapate kula. Fedha za kumlipa mwalimu wa kuimba hazikuwapo. Lakini Wakristu wa kanisa lile, ambao wengi wao walikuwa maskini kama yeye, walichanga senti zao ili binti yao apate kusoma.

Siku moja Marian alikwenda katika shule ya muziki mjini kwao, akasimama kwenye mstari pamoja na wengine. Msichana aliyekuwa dirishani aliwaita waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka wote wakaisha. Ndipo alipomwambia kwamba shule ile haipokei watu weusi. Marian hakujibu neno. Alirudi nyumbani akilia rohoni, maana hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anayeishi na muziki aweza kuwa na moyo wa namna ile. Baadaye alipata mwalimu hodari, Giuseppe Boghetti, na kanisa lake likafanya tamasha ili kulipa ada yake.

Hata hivyo, si kila pigo lilitoka kwa wabaguzi. Mwaka 1924 aliimba katika ukumbi mkubwa wa New York kabla hajawa tayari. Viti vingi vilikuwa vitupu. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba nyimbo za Kijerumani aliziimba kama mtu aliyekariri maneno asiyoyaelewa. Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Kwa muda wa miezi mingi aliacha kuimba mbele ya watu, akafikiri kazi yake imekwisha. Mama yake hakumlaumu wala hakumsukuma. Alimwacha atulie, akamwombea. Hatimaye Marian alirudi kwa mwalimu wake, akaanza tena. Mwaka 1925 alishinda katika mashindano ya waimbaji wapatao 300, akapewa nafasi ya kuimba pamoja na wapiga ala mashuhuri wa New York.

Kisha alivuka bahari kwenda Ulaya, naye alikwenda hasa kujifunza. Alikaa Ujerumani ili aielewe lugha ile ambayo magazeti yalimwaibishia. Katika nchi za Norwe, Uswidi na Ufini watu walijaa kumsikiliza, na mtungaji mkuu Jean Sibelius alimkaribisha nyumbani kwake. Mwaka 1935, mjini Salzburg, Arturo Toscanini, kiongozi wa wapiga ala aliyesifiwa kuliko wengi, alisema kwamba sauti kama ile husikiwa mara moja tu katika miaka mia. Mwezi Desemba wa mwaka huo Marian alirudi New York, katika ukumbi uleule wa aibu yake ya zamani. Mguu wake ulikuwa umevunjika melini. Aliimba amesimama, plasta ikiwa imefichwa chini ya gauni refu, na safari hii magazeti yalimsifu.

Lakini sifa hazikuondoa ubaguzi. Mwaka 1937 hoteli moja mjini Princeton ilikataa kumpokea, akalala nyumbani kwa mtaalamu Albert Einstein. Mwaka 1939 alitafutiwa nafasi katika ukumbi mkubwa wa Washington, mali ya shirika la mabibi wazao wa wapigania uhuru wa Marekani. Shirika lilikataa, kwa sababu ya rangi yake. Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alijitoa katika shirika lile, na serikali ikamruhusu Marian kuimba nje, mbele ya sanamu ya Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863.

Usiku wa kuamkia siku ile Marian aliogopa sana. Alimpigia simu msimamizi wake akamwuliza kama ni lazima kwenda. Hakupenda magomvi, wala hakutaka kufanywa bendera ya mtu. Lakini alifahamu kwamba akikataa, mlango ungefungwa pia mbele ya wale watakaokuja nyuma yake. Basi Dominika ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, alisimama mbele ya watu 75,000, weupe kwa weusi, na mamilioni wakamsikia kwa redio. Watu wa Kolwezi, ambao baba zao wameichimba shaba kwa jasho, wanajua nyaya za kuchukua sauti hutengenezwa kwa nini. Aliimba wimbo wa nchi yake, akaimba Ave Maria ya Schubert, akamaliza kwa nyimbo za Mungu walizozitunga watumwa. Hakumlaani mtu. Mwaka 1943 aliingia katika ukumbi uleule uliomkataa, akaimba.

Mwaka huohuo aliolewa na Orpheus Fisher, wakaishi shambani karibu na Danbury. Tarehe 7 Januari 1955 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mwimbaji mkuu katika opera ya Metropolitan ya New York. Mwaka 1958 alikaa katika Umoja wa Mataifa kama mjumbe wa nchi yake, wakati mataifa yalipokuwa yakijadili nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika na Ruanda-Urundi zikiwa miongoni mwazo. Katika mwaka huo, huko Kamina, kaskazini ya Kolwezi, waimbaji wa Padre Guido Haazen waliimba Misa Luba, kisha wakaenda kuimba Ubelgiji. Misa ile ilizuka vinywani mwao bila nota zilizoandikwa. Isingaliingizwa katika santuri, leo wachache wangalikumbuka namna ilivyoimbwa.

Marian Anderson aliimba mara ya mwisho ya kuaga mwaka 1965, tena siku ya Pasaka. Alifariki tarehe 8 Aprili 1993, akiwa na umri wa miaka 96. Katika maneno yake hakupenda kusema mimi. Alisema sisi, kwa kuwa hakusahau waliochanga senti.

Alipokuwa angali hai alikabidhi karatasi zake kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania: barua, madaftari, nota za nyimbo, picha na orodha za matamasha yake, na nyingine zikafuata baadaye. Nyingi sasa zaweza kusomwa kwa intaneti, hata na mtu aliye Kolwezi. Mwenye kuzifungua haoni sifa peke yake. Aona pia kazi ya kila siku, lugha alizojifunza na safari alizosafiri. Nazo zimehifadhiwa Philadelphia, katika mji uleule ambamo binti mmoja aliachwa wa mwisho mbele ya dirisha.

Wanakwaya watunze basi madaftari yao, wayaandike majina ya watungaji na siku za nyimbo, wasiyaache mchwa wayale. Wajukuu watayahitaji.